Sugu ya Kifuani

Fundi alitoboa mbao kwa kifua. Wengine walisukuma keekee kwa kiganja, wakachoka, wakapumzika, wakaanza tena. Yeye alikiweka kile kichwa cha mviringo cha keekee chini kidogo ya titi la kushoto, akaegemea kwa uzito wake wote huku mkono ukizungusha mpini, na hata mvule ulikubali. Nilimwona akifanya hivyo tangu nikiwa msichana wa shule, kwa sababu karakana yake na chumba alimoishi vilikuwa kwenye ploti ya baba yangu hapa Kangemi, vimepakana na jikoni kwetu. Ukisikia keekee inalia kabla hujamimina chai kikombeni, ujue umechelewa shule.

Mafundi wa rika lake wote walikuwa na sugu mahali pale, ngozi iliyokauka na kuwa ngumu, nao waliionea fahari. Mtu akija kuomba kazi, Fundi hakumwuliza amefanya wapi. Alifungua vifungo vya shati lake, akaigonga sugu yake kwa kidole, akasema, "Onyesha yako." Asiyekuwa nayo aliambiwa aende Westlands akawafyekee Wazungu majani.

Jina lake silitaji, na hata ningelitaja wengi wasingemtambua. Alikuwa Fundi kwetu, Fundi kwa watu wa kwao waliotoka Magharibi wakapanga vyumba kwa baba, Fundi hata kanisani alikoimba sauti ya chini kabisa. Mkewe alikuwa Mama Fundi. Mimi aliniita Karani tangu siku niliyopata kazi ya kupiga taipu katika ofisi moja mjini, na aliendelea kuniita hivyo hata mbele ya mume wangu alipokuja kunichumbia.

Alikuwa mkweli hadi kero. Kulikuwa na mwalimu mmoja kutoka Riruta aliyeleta mbao za podo alizonunua Ngara kwa bei ya kutupa, akitaka kabati kabla ya arusi yake. Fundi aliinua ubao mmoja, akaunusa, akauweka chini.

"Mwalimu, hii mbao bado iko na maji. Nikikutengenezea leo, ikifika Disemba mlango itakataa kufunga, halafu utaambia watu Fundi ni mwizi."

"Lakini arusi ni Jumamosi."

"Basi oa bila kabati."

Mwalimu akaoa bila kabati. Alilipata baada ya mvua ndefu, mbao zilipokuwa zimekauka, na mwaka juzi nililiona nyumbani kwa binti yake, milango inafunga vizuri tu. Baba alikuwa akisema kwamba mtu asiyeweza kudanganya asifungue biashara, ila wateja wa Fundi walikuwa wakingoja zamu hadi barabarani. Alipenda kusema mbao haina haraka. Alilisema kwa wateja, kwa mkewe, na kwa baba yangu kila mara alipodaiwa kodi.

Lakini mtu si ubao ulionyooka. Fundi huyu aliyetembea juu ya boriti za paa la kanisa akipiga mluzi alikuwa mwoga wa dresa, yule mfunga vidonda wa zahanati. Siku moja msumari ulimchoma ukatokeza upande wa pili wa kidole. Aliung'oa kwa koleo, akamimina mafuta ya taa, akaendelea kupiga randa. Mama Fundi alipomleta dresa na begi lake, Fundi hakuonekana. Tulimtafuta hadi mama yangu akaona kiatu kikitokeza nyuma ya rundo la mbao. Maumivu hakuyajali hata kidogo. Alichokichukia ni mtu kumshika mwili huku akimwuliza maswali.

Tena alikuwa na mipaka mikali kuhusu kazi za wanaume na za wanawake. Hakubeba maji, hakufagia, hakugusa sufuria mbele ya macho ya mtu. Ila Mama Fundi aliporudi nyumbani Magharibi kupanda mahindi, watoto hawakulala njaa. Madirisha yalifungwa, mlango ukafungwa, na harufu ya mrenda na samaki ikapenya kwenye mianya ya mabati. Mama yangu hakuweza kujizuia. Alikuwa akienda kugonga.

"Fundi, leo nani anapika?"

"Mgeni," sauti ya chini kabisa ilijibu kutoka ndani.

"Mgeni wa kiume ama wa kike?"

Tulicheka hadi tukashika mbavu. Nalitaja jambo hili si kwa ajili ya kicheko peke yake. Alikuwa na moyo wa kufanya lolote kwa watu wake, mradi tu asionekane akilifanya.

Uvimbe ulipoanza, hakuna aliyeuita uvimbe. Uliota palepale kwenye sugu, chini ya chuchu ya kushoto, mgumu, usiouma. Yeye alifurahi. Alituambia kazi imezidi, kwamba ile kandarasi ya madawati ya shule imemkomaza kifua. Akawaonyesha mafundi wenzake. Kila mmoja aliubonyeza kwa kidole gumba, akakubali kwamba ndiyo, hii ni sugu ya keekee, na mzee mmoja akasema hata marehemu aliyemfundisha kazi alikuwa na kubwa kuliko hiyo. Walimshauri afunge kipande cha blanketi kwenye kichwa cha keekee. Alifunga. Miezi ikapita, sugu haikulainika, wakamshauri ahamie upande wa kulia. Akahamia, na kwa muda mbao zake zilitobolewa kombo, akawa mkali kwa kila mtu.

Watu wa Kangemi, wakimkumbuka, hupenda kutikisa kichwa na kusema mficha maradhi kifo humuumbua. Nikisikia hivyo huwa nakasirika hadi leo. Fundi hakuficha. Alimwonyesha kila mtu aliyeamini kwamba anajua habari za vifua, na watu hao walikuwa maseremala. Nani kati yetu alikuwa amewahi kusikia kwamba mwanamume anaweza kuugua titi? Hata neno lenyewe hatukulitumia kwake. Titi lilikuwa la mama, yeye alikuwa na kifua.

Aliyeshuku kwanza ni Mama Fundi, kwa sababu ndiye aliyefua. Aliona doa kwenye fulana, upande wa kushoto, wiki hii na wiki iliyofuata. Ukuta wa mabati hauzuii ugomvi, kwa hiyo tulisikia yote.

"Hii ni vanishi," Fundi alisema.

"Vanishi gani inanuka damu?"

"Wewe mwanamke, umejua vanishi lini?"

Baada ya hapo alikwenda zahanati kwa hiari yake, na hilo peke yake lingetosha kututia hofu. Dresa alitazama, akasema ni jipu. Alimpa sindano za penisilini na dawa nyeusi ya kupaka ili liive. Halikuiva. Mzee mmoja wa kwao akamchanja chale akapaka majivu. Kufikia wakati huo chuchu ilikuwa imezama ndani, ngozi imevutika, na kwapani kulikuwa na vinundu viwili ambavyo yeye alisema ni uchovu wa msumeno.

Dresa ndiye hatimaye aliyemwandikia aende hospitali kubwa mjini, kliniki ya siku ya Jumanne. Fundi akavaa koti, akaondoka alfajiri, akarudi jioni. Mama Fundi akamwuliza daktari amesemaje.

"Leo hakufika kwangu."

Jumanne iliyofuata, vilevile. Mama Fundi akaja kwetu, kitambaa cha kichwa kimelegea, akaniambia, "Karani, wewe unajua hao watu wa ofisi. Huyu mzee anaenda kukaa wapi?" Nikaomba ruhusa kazini, nikamfuata.

Ilikuwa kliniki ya matiti. Benchi zima lilikuwa limejaa wanawake, wengine wameshika kifua kwa leso, wengine wana watoto mgongoni. Fundi alipotokea mlangoni, nesi hata hakuangalia cheti alichokishika. Alisema kwa upole kabisa, kwa sauti ya mtu aliyelisema mara nyingi, "Baba, wanaosindikiza wake zao wangoje nje." Na Fundi, ambaye hakuwahi kutii mtu yeyote Kangemi, alisema ahsante, akageuka, akaenda kukaa nje ukutani pamoja na waume wa watu. Ndivyo alivyofanya zile Jumanne mbili, kutwa, akizungumza nao habari za bei ya mabati. Alikuwa amefurahi kufukuzwa, na sijui kama nilitaka kulia au kumpiga.

Nilimshika mkono wa koti nikamrudisha ndani. "Sista, mgonjwa ndiye huyu."

Benchi zima likageuka kumtazama. Nesi akasoma cheti, akamtazama Fundi, akasoma tena. Fundi akatazama sakafu. Kisha mama mmoja mzee kutoka upande wa Dagoretti, mwenye masikio ya kutogwa, akasogea akapiga benchi kwa kiganja. "Kaa hapa, baba. Hapa hatuchekani." Akakaa, magoti yamebanana, kofia mapajani, katikati ya wanawake, hadi ilipofika zamu yake.

Daktari alikuwa Mzungu mwenye mvi, mmoja wa wale waliobaki baada ya Uhuru, na Kiswahili chake kilikuwa cha lete na peleka. Kwa hiyo nikawa mkalimani. Alipapasa kifua, akapapasa kwapa, akapapasa shingoni juu ya mfupa, na uso wake ukabadilika. Aliuliza lilianza lini. Fundi akamweleza habari ya keekee, kwa urefu, akionyesha kwa mikono jinsi inavyokaa. Daktari alisikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia nimwambie kwamba keekee haina hatia.

Fundi akakunja uso. "Mwambie yeye hajawahi kutoboa mvule."

Hilo sikulitafsiri.

Walimkata kipande kidogo kikapelekwa maabara, nasi tukangoja. Jibu lilikuwa kansa. Daktari alisema kwa wanawake anaiona kila wiki, lakini kwa wanaume, katika miaka yake yote ya kazi, wote aliowaona wangeweza kukaa kwenye lile benchi la kungojea na nafasi ikabaki. Akaomba ruhusa kuwaita wanafunzi. Wakaja vijana wenye makoti meupe, wakamzunguka. Fundi alisimama kifua wazi, macho yametua juu ya dirisha, nao wakambonyeza mmoja mmoja, wakaandika. Mmoja aliuliza kwa Kiingereza kama ana watoto. Nilimtafsiria.

"Sita," Fundi akajibu. "Na mwambie wote ni wangu."

Tulipotoka aliniambia, "Karani, wamenipima kama mbao ya kununua. Halafu hakuna mtu amesema atanunua."

Walimkata titi lote, na nyama iliyokuwa chini yake, na tezi za kwapani. Kisha wakamchoma kwa mionzi hadi ngozi ikawa nyeusi na kumenyeka. Alipona kwa namna fulani. Lakini mkono wa kushoto ulivimba ukabaki umevimba, hakuweza tena kushika randa, na kuhusu keekee hakukuwa na la kuzungumza. Alikaa kwenye kigoda mlangoni mwa karakana, akawa anatukana viungo vya mbao vilivyofanywa na wengine. Kwa karibu mwaka mzima mambo yalikuwa hivyo, na tukaanza kuzoea.

Katika mwaka huo mtu aliyekataa kuuza kabati la mbao mbichi alidanganya Kangemi yote. Alisema boriti ilimwangukia kifuani kwenye nyumba inayojengwa Lavington. Aliieleza vizuri, na urefu wa boriti, na jinsi alivyosikia kamba ikikatika. Kanisani kwake walifanya maombi ya shukrani kwa jinsi Mungu alivyomwokoa na boriti. Mama Fundi aliniambia alisimama akaimba pamoja nao, na alipofika ubeti wa pili hakuona tena maneno kwenye kitabu. Nilimhurumia sana mwanamke yule. Alibeba siri ya mtu ambaye hakuwa na kosa lolote.

Kisha ukaja mgongo.

Alisema ni kigoda. Akabadilisha kigoda. Usiku tulimsikia akiugulia maumivu kupitia ukutani, na asubuhi alisema ni mbu. Tulipompeleka mjini walimpiga picha, na daktari akaning'iniza ile picha kwenye taa, akanionyesha mifupa ya kiuno ilivyoliwa. Fundi alikuwa amekaa nyuma yetu, koti amelifunga hadi juu. Daktari akanieleza kwa Kiingereza kwa muda mrefu, na kadiri alivyoendelea ndivyo nilivyotamani kazi hii angepewa mtu mwingine, mwanamume, mzee, mtu wa kwao. Nilimwomba atafute dresa wa kiume atafsiri. Dresa aliitwa, akasikia habari yenyewe, akasema ana mgonjwa wodini.

"Anasemaje?" Fundi akauliza.

"Anasema ule ugonjwa umeshuka kwenye mifupa, Baba." Sikuwahi kumwita Baba kabla ya siku hiyo. "Hawezi kuutoa. Lakini anasema kuna kitu ndani ya mwili wa mwanaume ambacho kinaulisha. Akikizuia, ugonjwa unaweza kulala. Mwaka, hata zaidi. Na maumivu yatapungua."

"Azuie basi."

"Kukizuia ni kupasua. Ni kutoa…" Nikakwama. Nikatazama viatu vyangu. "Ni kutoa kokwa za kiume. Zote mbili."

Daktari alikuwa mtu mwema, akajishughulisha na kalamu. Fundi alivuta pumzi kwa pua, akaiachia.

"Muulize kama kuna dawa ingine."

Niliuliza. "Kuna vidonge, lakini anaogopa vitakuharibia moyo, kwa sababu presha yako iko juu. Na vinaotesha matiti."

Hapo Fundi alicheka, kicheko halisi kabisa, hadi akashika kiuno. "Wamenitoa moja, sasa wanataka kuniletea mbili!" Kisha akanyanyuka polepole, akachukua kofia. "Mwambie ahsante. Mwambie hapana."

Daktari aliniambia nimweleze jambo moja zaidi, kwamba upasuaji huo unasaidia ukifanywa mapema, na akingoja hadi mwili uishe nguvu hautakuwa na maana. Nililieleza lote, neno kwa neno. Alisikia.

Tukielekea stendi alizungumza bila kunitazama. "Karani, wewe ni mtoto, na si wa kwetu, lakini nitakuambia. Siku yangu ya kutahiriwa nilisimama mbele ya wanaume wote na sikupepesa jicho. Mjomba wangu alinipa ng'ombe. Sasa nirudi huko nikiwa nini? Wakinikosha nikifa, wataona nini?"

"Wataona mtu aliyeishi mwaka mmoja zaidi."

"Hiyo haionekani," akasema.

Tulikuwa watatu tuliojua habari ya upasuaji huo: yeye, Mama Fundi na mimi. Mama Fundi hakuwa na simile hata kidogo. Alinifanya nikae kitandani kwao, akamsimamia mumewe na kisu cha kukatia sukuma wiki bado kikiwa mkononi. "Mimi nimezaa na wewe watoto sita. Hizo vitu zimemaliza kazi! Nani ameniuliza kama nazitaka? Mimi nataka wewe ukae pale kwa kigoda utukane watu." Fundi aligeukia ukuta. Akamwambia anyamaze, watoto watasikia. Akalia, yule mama, kwa sauti ya wazi, na kisu akakiweka juu ya meza taratibu.

Nami nilikuwa nikiingia kwao kila Jumamosi nikitoka kazini. Nilimbembeleza, nilimtania, nilimkasirikia. Nilimwambia hakuna atakayejua, tutasema ni boriti nyingine. Alitabasamu, akaniambia lile neno lake la mbao na haraka. Nikamwambia wazi kwamba hii si mbao. Alikuwa amekonda, shingo imekuwa nyembamba ndani ya kola, lakini kila Jumapili alitaka kunyolewa ndevu. Watu wa kanisa walikuja kumwombea mgongo ulioumizwa na boriti. Mimi nilikuwa nikipita hospitali mara kwa mara kumchukulia dawa za maumivu, na kila mara daktari aliuliza neno moja tu, kwa Kiswahili alichojifunza kwa ajili yetu. "Amekubali?" Nilitikisa kichwa.

Krismasi ikapita. Mwezi wa pili Fundi akaanguka akitoka chooni, na baada ya hapo miguu haikumtii vizuri. Tulimbeba kwa gari la mwenye duka hadi mjini, wakampiga picha tena, wakamtoa maji tumboni, wakaturudisha nyumbani. Ijumaa moja niliporudi kuchukua dawa, daktari alinifuata hadi kwenye korido. Hakuuliza swali lake. Alisema ini nalo limeshikwa, na mapafu, na kwamba hata Fundi akikubali leo hatampeleka tena chumba cha upasuaji, kwa sababu hatatoka akiwa hai na hakuna atakachopata. Alinipa chupa ya dawa kali zaidi ya ile ya kwanza. Akaniambia akae nyumbani, na watu wake.

Kesho yake mchana nikaenda. Jua lilikuwa kali na mabati yalikuwa yanapasukapasuka kwa joto. Mama Fundi alikuwa sokoni. Nilisukuma mlango, nikamkuta Fundi amekaa ukingoni mwa kitanda, amevaa suti yake ya kanisa. Amenyoa. Amefunga tai. Amevaa soksi na viatu vyeusi vilivyopakwa rangi vikang'aa, na pembeni yake kulikuwa na kibegi kidogo kimefungwa, taulo ikitokeza. Sijui mavazi hayo yalimchukua muda gani. Jasho lilikuwa limemlowesha kola.

"Umechelewa," akasema. "Nimekungoja tangu asubuhi."

"Unaenda wapi, Fundi?"

"Kwa huyo Mzungu wako. Nimekubali. Wacha akate."

Nikakaa kwenye kiti. Alidhani nimefurahi, akaanza kunieleza haraka haraka, pumzi ikimkatikia.

"Nimefikiria sana. Jana huyu wangu wa mwisho aliniletea maji, akaniuliza, 'Baba, nikifika darasa la saba utakuwa umesimama?' Nikaona mimi ni mjinga. Ile siku nilisimama mbele ya watu, nilisimama ili niwe baba ya mtu. Si ndiyo? Sasa kama kubaki baba ya mtu ni hii kitu, basi itoke. Waseme wanavyotaka. Hata hiyo ya boriti nimechoka nayo. Niitie huyo mwenye duka alete gari."

Kulikuwa na maneno mengi ambayo ningeweza kusema. Kwamba leo ni Jumamosi, kwamba daktari hayuko, kwamba tungoje Jumanne. Lakini alikuwa ananitazama usoni, kwa yale macho aliyotazamia ubao kabla ya kusema umekauka au haujakauka, na sikuweza.

"Fundi, nilionana naye jana. Amesema haiwezekani tena. Hata ukikubali."

"Jana."

"Ndiyo, jana."

"Ningesema Krismasi?"

Nilisukuma taulo ndani ya kibegi. Alingoja.

"Krismasi angefanya," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa, mara kadhaa, taratibu. Nje mtu alikuwa anapiga nyundo karakanani, akakosea, akarudia. Fundi alisikiliza, nikadhani atamtukana. Mkono wake wa kulia ulishuka ukalifungua koti kifungo kimoja, ukaishia hapo.

"Kwa hivyo nilikuwa nachunga nini, Karani?" akaniuliza. Hakuuliza kwa uchungu. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua. Nililia mbele yake, nami sikuwa nimewahi kulia mbele yake, na hakuniambia ninyamaze.

Baadaye akasema viatu vinambana. Aliinama kuvifungua, hakufika hata magotini, akarudi nyuma ameuma meno. Nikapiga magoti sakafuni. Miguu ilikuwa imevimba, na kamba alikuwa amezikaza kwa nguvu zake zote asubuhi ile, fundo limekuwa gumu, kucha zangu zikashindwa. Nikanyoosha mkono nichukue kile kisu cha sukuma kilichokuwa juu ya meza.

"Usikate," Fundi akasema. "Fungua tu polepole. Hatuendi mahali."